Ngedere Hawaitikii Kamwene

Jumatatu, 9 Juni 2025
Ngedere wamekula parachichi tena. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Mama mkwe, Mama Oktavia, ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima. Amesema nisipofikisha kreti kumi, ile miti aliyotupatia anampa shemeji Clemens. Huyo analinda yake kwa kukaa chini ya mti na debe la kugonga. Siku nzima, karne hii! Ananiambia, shemeji, kaa tu. Nikamjibu, ngedere ana tumbo, binadamu ana teknolojia. Kesho naenda Makambako mjini.

Jumanne, 10 Juni
Nimenunua kipaza sauti cha machinga, kile kinachorudia maneno bila kuchoka. Nimerekodi: nakuona, mwizi, shuka! Nikakitundika mtini. Ngedere wote mbio. Clemens bado kakaa na debe lake. Nikamhurumia, nikaenda kulala.

Jumatano, 11 Juni
Ngedere wamerudi. Dume mmoja amekalia kipaza sauti, anakula. Mama Oktavia alipita akienda sala za jumuiya, akaitwa mwizi mara kumi na nne. Alihesabu. Mke wangu Yudita anasema mama yake anauliza aliiba nini. Nimekwenda kuomba radhi, nikaambiwa yupo lakini hayupo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimerekodi upya, kwa adabu, salamu ya kwetu: kamwene, mama, habari za nyumbani? Hapo hakuna wa kuudhika.

Mama Oktavia akapita na mzigo wa kuni. Akaitikia. Akaulizwa tena, akaitikia tena. Kwetu salamu haiachwi njiani. Alisimama mpaka baridi ikamwingia, akingoja mkwe atokeze ampokee kuni. Clemens ndiye aliyekwenda kumtoa. Ngedere hawakuitikia hata mara moja. Walikuwa wanakula.

Jumamosi, 14 Juni
Mnunuzi amekuja. Clemens, kreti kumi na tisa. Mimi, matunda kumi na moja, manne yameng'atwa. Miti imekwenda. Yudita akaenda kumsaidia kaka yake kupakia. Hilo limeniuma kuliko miti.

Nimekaa jikoni kutafakari. Ngedere hakunishinda akili, hata kidogo. Alisikia salamu siku tatu, na mama mkwe alipoondoka hakuna tena aliyeitikia, akajua hapa hakuna watu. Kosa dogo la kitaalamu. Bado nina mahindi nyuma ya nyumba. Jumatatu narudi Makambako kununua kipaza sauti cha pili, cha kuitikia.