Traon Kwenye Upupu Wangu

Jumatatu, 9 Juni
Kikao cha baraza la kisiwa. Meli ndogo ya wageni itatia nanga hapa Torrasay kila Jumamosi hadi Septemba, na baraza linataka mtu wa kuwatembeza. Mtu mmoja! Mzee Neilie, mwenyekiti, akauliza nani yuko tayari. Mikono miwili ikapanda: wangu, na wa jirani yangu Effie. Neilie akakuna kidevu, akasema Jumamosi hii tuwatembeze sote wawili, halafu wageni wenyewe waseme wamempenda nani.

Mimi nina basi. Viti kumi na sita, vyote nimevishona upya kwa mkono huu. Effie ana miguu na mdomo. Hesabu nyepesi.

Ila kuna traon. Kila mgeni anamtaka traon. Ndege wa kahawia, mdogo kuliko kuku, anajificha kwenye majani marefu na kukwaruza koo kutwa kucha: krek-krek, krek-krek. Kule bara wamemmaliza kwa mashine za kukatia majani. Kwetu bado yupo. Kumsikia ni rahisi. Kumwona! Nina miaka hamsini na minane, nimemwona mara tatu, na mara mbili ilikuwa mgongo tu.

Naye anakaa kwa nani? Kwa Effie! Kona ya upupu chini ya ukuta wake, mahali ambapo mtu yeyote safi angekuwa ameshapafyeka. Mimi nafyeka. Shamba langu linang'aa. Na malipo ya usafi ndiyo haya.

Jumanne, 10 Juni
Mpango. Ndege hamjui mwenye shamba, anajua upupu. Basi nami nitakuwa na upupu.

Nimeng'oa mashina arobaini kwenye mtaro wa barabara, nimeyapanda kwa mistari chini ya ukuta wangu, nafasi sawasawa. Kazi nzuri sana. Glavu zilikuwa na tundu moja. Limetosha.

Lachie wa posta akasimamisha gari katikati ya barabara. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nalima. Akasema, "Mzee mwenzangu, watu wanapanda viazi, wewe unapanda upupu. Mwaka ujao utafuga inzi?" Akaondoka anacheka, na bila shaka ameipeleka habari nyumba zote pamoja na barua.

Mke wangu Dolina amenipaka siki mikononi bila kusema neno. Afadhali angesema.

Jumatano, 11 Juni
Nusu ya upupu imelala chini. Traon hajahama. Anakwaruza kwa Effie kama kawaida, na naona anakwaruza kwa dharau.

Nikakumbuka ujanja wa babu: kitana na ubavu wa ng'ombe. Unapitisha mfupa kwenye meno ya kitana, krek-krek, na dume anadhani dume mwenzake ameingia eneo lake. Nimefanyia mazoezi bandani. Dolina akaja kuuliza trekta lina nini.

Baada ya chai nikajibanza ukutani, nikakwaruza. Kimya. Nikakwaruza tena. Na kule kwa Effie, akajibu! Nami nikajibu. Naye akajibu kwa hasira. Tulitukanana hivyo hadi chakula kikapoa, na lazima nikiri, sijapata mazungumzo matamu kama hayo mwaka huu wote.

Alhamisi, 12 Juni
Amehama! Yuko kwangu! Kwenye upupu wangu, mistari yangu, hatua sita kutoka dirisha la chumba chetu. Sikulala hata kidogo. Dolina naye hakulala, na asubuhi akasema ndege yule atoke au mimi nitoke.

Nikamwambia afikirie. Kiumbe mwenye mabawa ya kuchekwa, ambaye ukimshtua anaruka kama gunia lililotupwa, ndiye huyo aliyepaa kutoka Afrika, akapita jangwa, akapita bahari, akachagua upupu wangu mimi, Fearchar. Dolina akasema hakuchagua, alikuja kupigana. Mwanamke huyu hana mahaba na viumbe.

Effie akapita na fimbo yake. Akasimama, akasikiliza. Akasema, "Jirani, naona una mgeni." Nikasema ndege huenda anakotunzwa. Akatazama upupu uliolala, akatazama mfuko wangu wa shati ambamo kitana kilichungulia, akasema kumbe siku hizi nachana nywele. Sina nywele tangu ubatizo wa binti yetu, na yeye alikuwepo.

Ijumaa, 13 Juni
Kasoro moja tu imebaki: anasikika, haonekani. Amehamia ndani zaidi, kwenye majani marefu ya shamba langu la chini, ninayoyaacha yakue kwa chakula cha mifugo.

Hesabu. Ukikata majani kuanzia pembeni, ukizunguka kuelekea katikati, mwishoni unabaki na kisiwa kidogo cha majani, na ndege yumo ndani yake. Wageni wanakizunguka. Atakwenda wapi?

Najua, najua. Kila mtoto wa Torrasay anajua kwamba mashine huanzia katikati na kwenda nje, taratibu, ili ndege wakimbilie pembeni na vifaranga vyao. Na hatukati kabla ya Agosti. Lakini huyu ni mmoja, dume, na nilikusudia kuacha kisiwa kikubwa.

Nimezunguka mara tatu tu. Effie akaja mbio na gauni la jikoni, akasimama mbele ya trekta. Hakupiga kelele. Akasema, "Fearchar, we! Jike limemfuata. Nimeliona jana likivuka barabara, zito, la kutaga leo au kesho. Ukizunguka hivyo utayasaga mayai halafu utawaonyesha wageni nini, manyoya?"

Nikasema nina haki ya shamba langu. Akasema ndiyo, unayo. Akabaki amesimama. Upepo ukapiga gauni lake, unga ukiwa bado mikononi. Nikatafuta jibu kali. Kabla sijalipata trekta likazimika lenyewe: nilikuwa nimetia dizeli kwa kipimo, sikuhesabu mabishano.

Nimemwambia kila mtu kwamba nilisimama kwa hiari.

Jumamosi, 14 Juni
Siku yenyewe. Jua, na maua ya pwani yamefunguka yote, manjano na meupe hadi mchangani. Hata mimi nilipunguza mwendo wa basi.

Wageni kumi na wawili, mkubwa wao mama Mholanzi mwenye darubini shingoni, Annelies. Effie akaanza na nyumba ya zamani ya bibi yake: kuta za mawe, paa la nyasi, ng'ombe upande mmoja na watu upande mwingine. Akawakalisha mezani, akawapa kitambaa cha sufu kilicholowa wakipigepige ili kikaze, kama zamani, akawaimbia wimbo wa kina mama wa kupigia sufu. Bibi yangu naye aliuimba. Ubeti wa nne nilikuwa nimeusahau. Nikasimama mlangoni nikiharibu muda wangu mwenyewe ili niusikie.

Halafu zamu yangu. Nikawapanga ukutani. Traon, kimya. Robo saa, kimya. Annelies akatazama saa. Nikasema naenda kuangalia injini, nikazunguka ukuta, nikalala kifudifudi kwenye upupu, nikatoa kitana.

Upupu ulionyauka nao unawasha. Nimethibitisha.

Krek-krek. Majani yakatikisika. Akatoka. Akasimama wima, shingo juu, kichwa cha kijivu, mbavu za rangi ya kutu, kama karani aliyekosewa adabu. Akaja hadi usoni pangu. Ndani ya jicho lake niliona anga. Akafungua mdomo akanikwaruzia puani, mwili mzima ukitetemeka, kisha akapanda mgongoni kwangu, akaimba kutoka hapo.

Sikupumua. Upupu shavuni, chozi likitoka, na sikutaka aondoke. Wageni wakachungulia juu ya ukuta. Mtu mmoja alikuwa analia. Kusema kweli tulikuwa wawili.

Alipojiondokea wakapiga makofi. Nikainuka na uso kama mkate ulioumuka. Nikajua nimeshinda.

Jioni Neilie akasoma uamuzi. Wageni wamesema hawajawahi kucheka na kulia pamoja namna hiyo. Wanamtaka Effie. Yeye ndiye aliyewanong'oneza ukutani, muda wote nimelala pale, kwamba ndege huyu anaacha jike na mayai kuja kupigana na kitana, kwa hiyo wamwangalie vizuri, mara hii tu, maana mchezo huo hautarudiwa. Mimi nitaendesha basi. Chini ya Effie! Ndege alikuwa mgongoni kwangu, si kwake!

Effie akanipa mkono. Akasema, "Umelala vizuri, jirani. Ungeacha kitana nyumbani ningekupigia kura." Dolina akaitikia amina.

Jumapili, 15 Juni
Leo hakuna kazi. Hapa hata nguo haianikwi. Kuandika si kazi, ni kutafakari.

Kanisani. Kiongozi wa zaburi akatoa mstari, sote tukaufuata, sauti ikapanda na kushuka kama bahari chumbani. Kisha sala ya kimya. Na katikati ya kimya hicho: krek-krek!

Watu themanini wakanigeukia. Mchungaji akafungua jicho moja. Nikainua mikono yote miwili, mitupu. Mara ya kwanza wiki nzima sina hatia, na hakuna aliyeamini!

Nje Effie akasikiliza ukutani, akasema ni dume la pili, limekuja lenyewe, limekaa nyuma ya makaburi, tumshukuru Mungu na tuliache. Wote wakaitikia. Mimi pia, kwa sauti.

Nikatembea nyumbani polepole. Kitana kimoja kimeleta ndege mmoja. Upupu wa makaburini hauna mwenyewe. Na kwenye droo ya Dolina kuna kitana kingine, kikubwa, cha meno mapana.

Kesho si Jumapili.