Feruzi na Tembo wa Shaba

Sogeeni, enyi wenye masikio na enyi wenye kusikilizia ukutani. Acheni bukari, ugali wenu, ipoe sahanini, mpate kuusikia ushujaa wa Feruzi bin Abibu, simba wa tanuri, mlinzi wa shaba iyeyukayo, ambaye katika Lubumbashi yote hakuogopa kitu ila Jumapili. Kwa maana Jumapili hakuwa na kazi, na mume asiye na kazi huonwa na mkewe.

Mara ngapi aliingia vitani kutafuta burudani ya kudumu! Alitwaa gitaa, akalitupa kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Akafuga njiwa, njiwa wakahamia kwa jirani Mwenze, aliyekumbuka kuwalisha. Akapanda waridi, na waridi, basi, marehemu hasemwi vibaya. Masalia ya vita hivyo yalijaa katika kibanda cha uani, nacho Kulthumu, mkewe, malkia wa ua, alikuwa amekitamani siku nyingi kwa ajili ya bata wake.

Ndipo Feruzi akaja na vipande vya bati la shaba, nyundo na msumari butu, akatangaza kwamba atagonga picha ya tembo, kama zile zinazotundikwa sebuleni kwa wakubwa. Malkia akasimama mlangoni, akanena:

«Baba Adija, juma nzima uko na shaba kule kazini, siku ya Mungu tena shaba? Mais sikia muzuri: hii nayo ukiacha, kibanda iko ya bata yangu!»

«Mama Adija,» akajibu shujaa, kifua mbele, «kule kazini shaba njo inanituma. Hapa, miye njo ninaituma!»

Akagonga hata mbwa wa mtaa wakamjibu. Jumapili ile yakatokea masikio, iliyofuata, mgongo. Lakini shaba ikipigwa sana huwa kaidi, na penye mkonga ikapasuka. Ole! Feruzi akaweka nyundo chini. Moyo ulimuuma kweli, maana alikwisha kumpenda tembo yule. Huko nje Kulthumu akaanza kuwaita bata, kwa sauti tamu.

Hapo mtu wa tanuri akakumbuka kwamba shaba kaidi hulainishwa kwa moto. Akatoka kwa kishindo, akaivamia mbabula, jiko la makaa la malkia, akaitua sufuria chini, akamlaza tembo juu ya makaa.

«Maharagi yangu!»

«Itangoja!» akanguruma. «Tembo haiwezi kungoja!»

Shaba ikawa nyekundu, ikapoa, ikalegea, na nyundo ikarudi vitani. Kabla ya magharibi tembo alikuwa amesimama, mkonga umefupishwa penye ufa. Kulthumu akamgeuza huku na huku, akacheka hata kitenge kikamlegea.

«Vraiment, Baba Adija, hii tembo iko na pua ya nguruwe.»

«Najua,» akasema Feruzi, akinyoosha mkono kuchukua bati jingine. «Ya pili njo itakuwa muzuri.»

Kulthumu akawafukuza bata mlangoni pa kibanda.

Ya pili! Andikeni, enyi wenye kalamu. Pigeni vigelegele, enyi wake wa mtaa! Tangu azaliwe, Feruzi bin Abibu hakuwahi kulitamka neno hilo.