Kombi la Babu Lazima Lifike Kaburini

Jumatatu, 4 Agosti
Vilima hivi vyote hakuna anayejua injini kama mimi, Ndrina. Injini mbovu ikisikia nyayo zangu huanza kukohoa yenyewe kwa aibu. Shule niliacha darasa la nane. Walimu walikuwa wananichelewesha.

Leo nimejitolea. Jumamosi kaburi la ukoo linafunguliwa. Kwa desturi yetu tunamtoa babu, tunamvika sanda mpya, tunacheza naye. Mnajimu ametaja saa: kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo tungoje miaka saba mingine. Bibi ana themanini na mitatu. Miaka saba hana. Miguu hana. Binamu yangu Haja akasema atampeleka kwa mkokoteni wake wa ng'ombe. Mkokoteni! Nikamwambia bibi atakwenda na kombi la babu, lililolala bandani tangu mwenyewe afariki. Bibi akalia kwa furaha. Haja akauliza kama nimelewa.

Jumanne, 5 Agosti
Kwetu Jumanne ni mwiko kufanya kazi. Nimelitazama tu. Kutazama si kazi. Tairi zote nne zimelala chini. Kwenye kiti cha dereva kuku ametamia mayai tisa. Nilitaka kumtoa, bibi akasema haguswi mpaka aangue. Amechagua kiti cha mumewe, na mgeni wa babu hafukuzwi. Sawa. Nitatengenezea upande wa abiria.

Jumatano, 6 Agosti
Petroli ya zamani inanuka kama siki. Nimeimwaga. Sikujua Haja amepanda kabichi pale. Kwenye ekzosi nimetoa kiota cha panya na soksi moja ya babu. Betri imekufa, nimeazima ya kipaza sauti cha kwaya. Sikumwambia mtu kuwa naazima, ila moyoni nilikusudia. Jioni kwaya waliimba kwa mapafu yao. Nadhani Mungu anapenda hivyo.

Haja kapita na ng'ombe wake. "Fundi, hawa wangu wanawaka kwa nyasi tu." Nikamwambia Jumamosi awaazimishe watu wengine. Akasema watabaki nyumbani. Wivu!

Alhamisi, 7 Agosti
Petroli mpya, na tairi nimezijaza upepo. Plagi nimezisugua kwa mswaki (wa Haja). Nikapitisha mkono juu ya kuku, nikazungusha ufunguo. Kimya. Mara thelathini, kimya. Bibi akaja na ramu, akamwagia wahenga tone kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya banda, kama inavyopasa. Chupa ikabaki nusu. Wahenga hawana pupa. Iliyobaki nikaitia kwenye kabureta. Kombi likapiga chafya, likanguruma! Kuku hakutikisika. Bibi akasema huyo ni babu. Nafanya kazi mimi, sifa anapata marehemu!

Ijumaa, 8 Agosti
Vifaranga tisa wametoka. Nimewahamishia kikapuni, nikakalia kiti cha dereva kwa mara ya kwanza. Nimengurumisha saa nzima, majirani wakitazama. Nimegawa nafasi kwa watu kumi na wanne na mpiga tarumbeta. Haja naye kaomba. Nimemwambia nitafikiria.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa moja asubuhi, wote ndani. Bibi mbele, sanda ya babu mapajani. Injini inaimba. Nikakanyaga, nikavuta gia. Kombi likaruka kama chura, likazima. Likawaka, likaruka, likazima. Nikatangaza kuwa injini haijapata moto. Saa mbili nikatangaza tena. Mpiga tarumbeta akashuka, akaanza kutembea.

Bibi hakunigombeza. Alishika sanda tu, akasema, "Ndrina, ananingoja."

Nikashuka kumtafuta Haja. Alikuwa pale pale nje, na ng'ombe wawili na mnyororo. "Nimekuja kuchukua nafasi yangu," akasema.

Tulifika saa nne kasoro robo, ng'ombe mbele, mimi usukanini. Bibi akamwinamia babu, akamwambia amekuja kwa gari lake. Akacheza akiwa amekaa. Watu wanasema ng'ombe ndio waliotufikisha. Bila kombi wangevuta nini?

Jumapili, 10 Agosti
Nimeshatangaza kanisani: Alhamisi naanza kubeba abiria wa sokoni. Wanne wameshashika nafasi. Kwaya wamechukua betri yao, lakini ile ya shule naona imekaa bure.

Kila kitu kilikwenda nilivyopanga. Isipokuwa kimoja, nakiandika hapa kwa kuwa Haja hawezi kukiona: kuwasha gari najua, kuendesha sijui. Ukoo mzima aliyejua ni babu peke yake, na jana tumemfungia tena kwa miaka saba.