Kofia ya Sufu ya Kocha Stuckey

Jumanne, 6 Februari
Na ndiyo maana nasema kosa si la Tobin wangu. Kocha Stuckey kafundisha timu ya mpira wa kikapu ya chuo miaka thelathini na mmoja, kastaafu, Tobin kapewa nafasi yake, tumefungwa mechi sita mfululizo, basi Indiana nzima inamtazama mume wangu kama mwizi wa kuku. (Mume wangu! Wiki ya tano, na neno hilo bado linanipasha moto masikio.) Leo mkuu wa michezo kamwambia akifungwa Jumamosi akabidhi funguo za ofisi. Kinyozi naye kamwuliza, "Kijana, hata mbwa wa Stuckey si angeshinda moja?" Tobin alicheka. Nyumbani hakumaliza pai. Nitamwokoa!

Jumatano, 7 Februari
Siri. Nimekwenda kumwomba Kocha Stuckey akae nyuma ya benchi letu Jumamosi. Watu wakimwona upande wetu, watampenda Tobin. Akakataa, eti timu haina makocha wawili. Nikalia kidogo. Akakubali! Nimempa kofia niliyoifuma mwenyewe, sufu nzito, rangi za chuo. Mkewe, Bi Verna, aliipapasa, akaniuliza, "Mwanangu, haiwashi hii?" Wivu.

Jumamosi, 10 Februari
Sijui niufiche wapi uso huu. Alipoingia, ukumbi mzima ulisimama dakika nne. Tobin akageuka, akaniona napiga makofi kuliko wote. Akajua. Kisha kofia ikaanza kuwasha. Mzee wa watu hakuivua, asiniudhi, akajikuna sikio. Nani hapa asiyejua? Miaka yote ile, Stuckey akijikuna sikio maana yake kabeni uwanja mzima! Vijana, aliowasajili mwenyewe, wakakaba. Tobin akapaza sauti warudi nyuma. Wakarudi. Sikio tena. Wakakaba. Kufika mapumziko, ndimi nje. Tumefungwa kwa pointi ishirini na saba. Nilijifungia chooni mpaka wafagizi walipogonga mlango.

Jumapili, 11 Februari
Funguo zimekabidhiwa. Tobin hakugomba. Kasema tu, "Mpenzi, hata kama ni kufungwa, nilitaka nifungwe mwenyewe." Aibu imenishika hadi kwenye kucha. Halafu akanishika mkono. Malaika!

Ijumaa, 16 Februari
Habari njema! Sekondari ya mji wa jirani inamtaka msimu ujao. Kocha wao, bingwa mara tisa, anastaafu. Anaishi peke yake mkabala na uwanja. Tobin kaniapisha nisimsogelee. Nimeapa, tena kwa machozi.

Lakini kosa lilikuwa la sufu tu. Nimenunua uzi wa pamba. Mzee huyo nitamtembelea kabla mwezi haujaisha.