Soksi Mbili Chini ya Njia Nyeupe

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimerudi kwa nyota! Miaka sita sikuzigusa. Zamani nilizifuata na mizigo ya mtu anayehama nyumba: darubini, betri ya gari, stendi ya chuma, meza, kiti, mwavuli. Mgongo ukakataa. Kisha Nzilani, mke wangu, naye akakataa. Nikabaki na picha za mandhari ya mchana: vilima vya Ngong asubuhi, punda milia wa Isinya, mti mmoja peke yake kwenye nyasi. Watu wa kalenda wanapenda. Lakini usiku hapa Kitengela nikitazama juu naona mwanga wa viwanda tu, na nikilala naota anga nyeusi.

Safari hii nina akili. Kamera moja, lenzi moja pana, stendi ndogo ya miguu mitatu. Basi! Vyote vinaingia kwenye mkoba wa Nzilani wa chakula cha mchana. Nimejaribu. Ikabaki hata nafasi ya chapati mbili.

Haraka ni ya nini? Lorna anafungua nyumba ya wageni Kajiado mjini na ukuta wa chumba cha kulia uko mtupu. Anataka picha moja kubwa. Ataamua Alhamisi ya wiki ijayo. Nzilani amesema hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Lorna akichukua picha yangu, naendelea na kamera. Asipochukua, kamera inafungiwa kabatini, nami naenda kuuza misumari kwa Kaloki, kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alisema kwa upole. Ule upole wake ndio ninaouogopa.

Jumatano, 17 Septemba

Habari mbaya. Timothy naye anautaka ukuta! Timothy hupiga picha za harusi kwa droni. Ana kofia ya ngozi na jaketi lenye mifuko kumi na miwili. Nimeihesabu. Yote mitupu. Tulikutana sokoni akanieleza kwamba anampelekea Lorna picha ya ndovu. Nikamwambia ndovu ni mzuri sana, hasa kwa mtu aliyeishiwa na mawazo. Nilijisikia vizuri mpaka nikafika nyumbani, nikalala chali nikiwaza juu ya huyo ndovu.

Lakini Jumapili hakuna mwezi! Kuanzia saa mbili usiku, Njia Nyeupe itakuwa imesimama juu ya Kajiado, ule mkanda wa nyota ambao watoto wa Kitengela hawajawahi kuuona. Ninachohitaji ni kitu kizuri chini yake. Lorna amenipa namba ya mjomba wake, Mzee Parsaoti. Boma lake liko mbali na lami, upande wa Ilbisil. Hakuna duka wala baa karibu. Nimeandika namba hiyo mahali pawili.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimefika kwa Mzee Parsaoti. Tukasalimiana Kimaasai: sopa, sopa. Chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Boma lenyewe ni zuri mno: ua wa miiba, nyumba za mviringo, na nyuma yake tambarare inayoenda mpaka inapotelea kwenye buluu. Jua likazama. Nilikaa juu ya jiwe nikihesabu nyota ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa na furaha ya mtoto.

Halafu taa! Kuzunguka zizi kuna nguzo sita, kila nguzo na taa yake ndogo ya sola. Zinawaka, zinazima, zinawaka, usiku kucha, ili fisi adhani kuna mtu anatembea na tochi. Mbili zinatazama kabisa mahali pa kamera yangu. Nikamwomba mzee, kwa adabu zote, azizime Jumapili kwa nusu saa tu.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema, "Wewe rafiki, nyota iko kila siku. Kondoo ndio haiko kila siku." Akanipeleka kuona kondoo dume mmoja, mkia wake wa mafuta mpana kama sinia. Anamnenepesha kwa sherehe ya binti yake Ruth, anayemaliza chuo mwezi wa Novemba. Nikamsifu kondoo. Nikamwambia mzee nimemwelewa.

Na kweli nimemwelewa. Kwa hivyo inabidi nitafute njia nyingine.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani niliomba anga safi. Mengine nilimwachia Nzilani aombe. Tulipotoka nilipitia kabatini nikachukua soksi zake mbili, zile nyekundu za sufu anazovaa mwezi wa Julai. Zikaingia mkobani mahali pa chapati. Sikusema kitu kwa sababu hakuuliza.

Jioni, bomani, mzee nilimwambia nitapiga picha na taa zake vilevile. Akaingia kula. Saa mbili kasoro nilinyata mpaka kwenye nguzo mbili, nikazivisha soksi.

Sijui niandikeje. Taa hazikufa. Kupitia sufu zilitoa mwanga mwekundu, mpole, mwanga wa makaa yanayolala, ukatua juu ya miiba na mgongo wa nyumba ya karibu. Na juu! Njia Nyeupe ilikuwa pale, yote, kutoka ukingo hadi ukingo, na ile sehemu yake nene yenye vumbi jeusi ilikuwa juu kabisa ya zizi. Upepo ulinyamaza. Kengele ya ng'ombe mmoja ililia mara moja, mbali. Kamera ilifungua jicho sekunde ishirini, ikafunga, ikafungua tena. Sikusikia baridi. Nilisahau Timothy, nilisahau Kaloki na misumari yake, nilisahau hata jina langu, Munguti, nikabaki macho tu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Kwa miaka sita nilijinyima hiki kitu, kwa nini?

Hapo ndipo kondoo walipopiga kelele.

Nilikimbilia nguzo, nikang'oa soksi, nikatia mfukoni. Mzee alitoka na rungu na tochi. Fisi alikwisha kwenda. Kondoo dume wa Ruth yuko hai, amesimama, anashangaa. Mkia hana.

Mzee aliangalia taa. Zinawaka, zinazima, hazina kasoro. Akashangaa sana. Nami nikashangaa kwa sauti. Nikasema labda waya umelegea. Akanishukuru kwa kubaki naye kumsafisha kondoo kidonda. Kunishukuru mimi!

Jumanne, 23 Septemba

Picha ya thelathini na moja. Ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga maishani, na nasema hivi bila majivuno. Nimeitazama tangu asubuhi. Chai imepoa mara tatu.

Shida ni moja. Soksi zinaonekana. Hata maua yaliyofumwa yanaonekana. Na Lorna ni mtoto wa dada yake Mzee Parsaoti.

Nilizifuta kwa kompyuta. Zikatoka vizuri, lakini ule mwanga mwekundu ukabaki bila mwenyewe. Nikaufuta nao, na picha ikafa. Boma likawa doa jeusi tu. Nikazirudisha soksi. Nikazifuta tena baada ya chakula. Nikazirudisha. Siwezi! Mtu anaweza kudanganya mzee wa watu usiku na akashindwa kudanganya picha. Sijui hiyo ni tabia gani, lakini ndiyo yangu.

Mpango: nitaongea haraka haraka kuhusu anga. Watu hutazama juu.

Alhamisi, 25 Septemba

Lorna alianza na ndovu wa Timothy. Akasema ni mzuri, kama wale wa kalenda za benki. Nilikohoa ili nisicheke.

Kisha yangu. Lorna akasogea karibu. Akamwita mpishi. Mpishi akaja na mwiko, naye akasogea. Lorna akasema hii ndiyo. Hii ndiyo! Nilishinda kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi kama kumi hivi.

Halafu akaikuza. Akauliza hivyo vitu kwenye nguzo ni nini. Nikasema ni maua. Akasema naam, maua anayaona, anauliza kuhusu soksi. Habari za kondoo zilimfikia tangu Jumatatu. Akapiga simu.

Mzee alifika na pikipiki. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya picha muda mrefu sana. Akasema tangu azaliwe hutoka usiku kuangalia mifugo, na macho yake huwa chini kwenye nyayo. Hakujua nyumbani kwake panafanana hivi, na hivyo vitu vyote juu yake. Kisha akaniuliza nilianza na soksi gani. Nikamweleza yote, na sauti yangu ikawa ndogo. Nikamwambia pole, na niliona aibu hasa.

Akasema vizuri. Ruth hatapata mafuta ya mkia kwenye sherehe yake, kwa hivyo picha ataichukua yeye, aiweke kwake, na nakala isipatikane kwa mtu mwingine. Lorna akasema ni haki. Hata mpishi akasema ni haki, na hakuna aliyemuuliza.

Ukuta umekwenda kwa ndovu. Timothy alikuwa amevaa kofia ndani ya nyumba.

Jumamosi, 27 Septemba

Nzilani kwanza alidai soksi zake. Kisha akaomba kuiona picha kabla sijampelekea mzee. Akaketi. Akasema, "Baba Ndanu, kumbe ndiyo hii ulikuwa unaniambia." Alinishika mkono, na tukakaa hivyo mpaka mtoto wetu Ndanu akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Baadaye akafunga kamera kabatini. Ufunguo sijui aliuweka wapi. Nimetafuta kila mahali.

Jumatatu, 29 Septemba

Siku ya kwanza kwa Kaloki. Mtu aliomba misumari ya mabati nikampa ya mbao. Mwingine nilimpimia waya huku nikitazama dirishani, akaenda na waya wa kuzungushia shamba zima. Shemeji alikuwa mvumilivu hadi saa tano.

Saa sita alisema mlinzi wake wa usiku ameacha kazi. Nikajitolea papo hapo! Kaloki akafurahi. Nzilani akafurahi zaidi, akasema kwa kweli nimekomaa. Atanipikia githeri ya kubeba.

Ua wa nyuma ni mpana, umejaa simiti, mabati na matangi. Nguzo nne, taa nne kubwa sana. Swichi iko nyuma ya makopo ya rangi, Kaloki mwenyewe amenionyesha. Simu yangu, nimegundua leo, inaweza kufungua jicho sekunde thelathini, na ukiiegemeza kwenye mfuko wa simiti haitikisiki hata kidogo. Hakuna mkoba wala stendi!

Mwezi utapotea tarehe ishirini na moja Oktoba. Nusu saa tu. Nani ataiba simiti kwa nusu saa?