Wenyeji Kwanza, Sifuri Nne Mbele

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru wa ghafla na ambaye nafasi yake, kwa barua niliyojiandikia mwenyewe, naikaimu mimi; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye kwa bahati njema pia ni mimi; Mheshimiwa Mke wangu, uliyeketi mstari wa mbele ukiitazama saa; Mheshimiwa Shemeji yangu, Meneja wa Mradi, uliyeinamisha kichwa kwa tafakuri nzito (sauti: "Amelala huyo!" kicheko), wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu wa idara, na wasaidizi wa wasaidizi hao, walimu, wauguzi, mafundi cherehani, wenye maduka, vinyozi, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliofuata intaneti ya bure, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Kama kuna niliyemsahau, ajue nimemsahau kwa heshima zote.

Nasimama mbele yenu katika ukumbi huu wa Kituo chetu cha Kompyuta, wenye kompyuta zilizopangwa ukutani, feni moja inayozunguka na nyingine inayofikiria, kuzindua Mradi Shirikishi, Jumuishi na Endelevu wa Faili la Wenyeji kwa Ajili ya Kuzuia Matangazo Sumbufu na Programu Hasidi, projekti ambayo vishen yake, mishen yake na fremuwaki yake ya implementesheni niliibuni mimi mwenyewe, bila msaada wa mtu, nikiwa kwenye kiti cha kinyozi nikisubiri kunyolewa. (Kinyozi: "Kunyolewa nini, Mheshimiwa?" Kicheko. Mheshimiwa anajipapasa upara.)

Ndugu zangu, hali ilikuwaje kabla yangu? Hali ilikuwa tete. Mwananchi anakuja hapa kutafuta fomu ya leseni ya biashara, hata hajakaa vizuri, linamrukia usoni tangazo la sufuria zisizoungua. Akilifunga linakuja la kandambili. Akilifunga na hilo anaulizwa kama yuko mpweke, na mkewe amesimama nyuma yake. Mama yetu fundi cherehani aliandikiwa kwamba yeye ni mgeni wa milioni moja na ameshinda simu, akabofya kwa furaha, na ile kompyuta ya pembeni, ile mliyoifunika kitambaa, ikapata kirusi papo hapo na haijazinduka hadi leo. (Fundi cherehani: "Na simu yenyewe sikupewa!") Utafiti nilioufanya kwa macho yangu unaonyesha kuwa asilimia mia moja na kumi na mbili ya wananchi wanachukia matangazo, na zile kumi na mbili za ziada ni za wale wanaoyachukia mara mbili. (Ukutani nyuma yake, projekta inaonyesha tovuti ya ofisi yake yenye picha yake kubwa. Tangazo linachomoza na kuifunika picha: OTESHA NYWELE KWA WIKI MOJA. Watu wanashika mbavu.)

Ahsanteni. Nafurahi kuona takwimu zimewagusa.

Basi tukamwita mtaalamu. Mtaalamu akaja na begi la mgongoni, akakataa soda, akatueleza kwamba ndani ya kila kompyuta mna faili dogo la maandishi ambalo kompyuta hulisoma kwanza, kabla haijatoka nje kuuliza tovuti fulani inakaa wapi. Kwamba faili hilo kwa lugha ya kitaalamu huitwa faili la hosti. Na kwamba iko programu ya kulisimamia, meneja wa faili la hosti, ambayo humwaga humo majina ya watangazaji wote wasumbufu na wahalifu wote wa mtandaoni, ikaisasisha orodha hiyo yenyewe, na mwananchi akapumua. Akasema programu hiyo ni ya bure. Bure, ndugu zangu! Kitu cha bure hakina zabuni, hakina mzabuni, hakina semina ya kukitambulisha, hakina posho ya semina. Nikamwambia kijana wangu, wewe unataka kutuhujumu.

Tena alidhani sisi hatujui lugha. Mimi nimewahi kuhudhuria warsha ng'ambo, nikalala hotelini, nikapokelewa na hosti, na hosti yule alikuwa nani? Alikuwa mwenyeji wangu! Kwa hiyo faili la hosti ni Faili la Wenyeji, na faili la wenyeji haliandikwi wahuni na wauza kandambili. Linaandikwa wenyeji! Vilevile meneja si programu. Meneja ni mtu, ana kiti cha kuzunguka, ana kitambulisho shingoni, na baada ya mchakato wa ushindani ulio wazi, ambapo waombaji wote wawili walikuwa shemeji zangu, tulimpata huyu mmoja. (Mke wa Mheshimiwa anamsukuma kaka yake kwa kiwiko. Meneja anashtuka: "Naunga mkono hoja!" Anarudi usingizini.)

Kwa kuwa Meneja hajakabidhiwa rasmi kiti chake, kazi ya kuandika niliifanya mimi. Niliketi, ndugu zangu, kwenye kila kompyuta, kwa vidole vyangu hivi viwili, nikawaandika humo wenyeji wetu watukufu: Hospitali Kuu, Idara ya Maji, Benki ya Akiba, Ofisi ya Mitihani…

(Mwalimu wa darasa la mwisho anainuka, mkoba kifuani. "Ofisi ya Mitihani umeiandika wapi?")

Keti, Mwalimu, maswali baadaye. Na kwa kuufuata waraka wa maelekezo aliotuachia mtaalamu, neno kwa neno, mbele ya kila jina nikaweka sifuri nne zilizotenganishwa kwa nukta, sifuri nukta sifuri nukta sifuri nukta sifuri, kazi ya kuumiza kiuno. Naunukuu waraka: "Jina lolote litakaloandikwa na sifuri nne mbele yake, kompyuta hii haitalifikia kamwe." Kamwe! Mmelisikia neno hilo? Mkubwa gani wa kweli anafikiwa ovyo ovyo? Wenyeji wetu wote nimewapandisha daraja, sasa hawafikiki! (Makofi ya Mheshimiwa peke yake. Minong'ono inaanza nyuma na kuja mbele.)

(Muuguzi: "Kumbe ndiyo maana majibu ya maabara hayafunguki!" Mwenye duka: "Na mimi benki!" Mwalimu anapaza sauti: "Mheshimiwa, nisikilize jamani! Nakuja hapa tangu wiki iliyopita kusajili watoto wangu mtihani, ukurasa unasema haupatikani. Nikadhani ni mtandao. Usajili unafungwa leo jioni. Yasipokwenda majina, darasa zima linakaa nyumbani mwaka mzima. Futa ule mstari mmoja tu, baba yangu, nakuomba!")

Mwalimu, uchungu wako nimeupokea, nimeuthamini, na kuanzia sasa nimeukasimu kwa kamati ndogo. Lakini kufuta mstari si jambo la kukurupuka; lazima pawe na mashauriano ya stekholda, upembuzi yakinifu, rodimapu, na chai. Isitoshe, faili zote nimezifunga kwa nenosiri ninalolijua mimi peke yangu, na sitalitaja hata mnibembeleze vipi, maana usalama wa dijitali ndiyo roho ya mradi. Nitawadokezea hili tu, ili muone ubunifu wa kiongozi wenu: kwa kuogopa kulisahau, nilichagua kaulimbiu ya mradi, ambayo nayo ni siri hadi ukurasa wa mwisho wa hotuba hii.

(Mwalimu anamtazama muuguzi, muuguzi anamtazama kinyozi. Kisha mwalimu, kwa sauti laini kama ya kumbembeleza mtoto ale: "Mheshimiwa, tusomee kaulimbiu.")

Bado, Mwalimu. Kwanza mafanikio.

(Kinyozi: "Kaulimbiu!" Wote: "Kaulimbiu! Kaulimbiu!")

Jamani! Mnanitia aibu. Katika miaka yangu yote ya utumishi nimeombwa kufupisha, nimeombwa kushuka jukwaani, siku moja nilizimiwa kipaza sauti, lakini sijawahi kuombwa ukurasa wa mwisho kwa mapenzi kama haya. Niacheni niguse ahadi kwa ufupi tu: ifikapo mwisho wa awamu ya pili, kila kaya itakuwa na faili lake, kila faili litakuwa na meneja wake, kila meneja atakuwa na dereva wake, na kile chumba cha nyuma ambacho sasa tunawekea mafagio kitakuwa Taasisi ya Juu ya Wenyeji, yenye zulia. (Mwalimu amekwisha kuhama kiti. Amekaa kwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta. "Muda unakwenda, Mheshimiwa! Kaulimbiu!" Mke wa Mheshimiwa: "Baba watoto, si uwape tu watu wakale!")

Haya, haya, nimeshindwa na upendo wenu. Nikisema "Wenyeji," ninyi mjibu "Kwanza." Tuko pamoja? Wenyeji! ("Kwanza!") Wenyeji! ("Kwanza!")

(Mwalimu: "Herufi kubwa au ndogo, Mheshimiwa?")

Swali zuri sana, la msomi. Kubwa, Mwalimu! Kwetu hakuna herufi ndogo! Na maneno hayo hushikana bila nafasi katikati, kwa sababu hatutaki kamwe kuona mwanya kati ya kiongozi na wananchi. Wenyeji! ("Kwanza!" Mwalimu anaandika. Ukutani, faili linafunguka: majina na sifuri zake. Mstari wa Ofisi ya Mitihani unatoweka. Muuguzi, juu ya bega lake: "Na wa hospitali, shoga, usiusahau." Unatoweka nao, kisha wa benki, kisha wa maji.)

Mbona mmeacha kuitikia? Mbona wote mnatazama juu ya kichwa changu? (Ukutani ukurasa wa Ofisi ya Mitihani umefunguka. Majina ya watoto yanapita moja baada ya jingine. Mwalimu anabonyeza TUMA, anaziba mdomo kwa viganja. Maandishi ya kijani: USAJILI UMEPOKELEWA. "Yamepokelewa! Wanangu wote wamepokelewa!" Vigelegele, miluzi, viti vinaanguka. Fundi cherehani anamkumbatia mwalimu, wote wawili wanalia.)

Ndugu zangu… nisameheni, nipeni kitambaa. Nimewahi kupigiwa makofi, lakini machozi! Namwona Mwalimu pale analia kwa sababu ya kaulimbiu, na mimi naapa kwamba nilipoiandika, hata mimi nililia kidogo. Basi kwa kuwa mmenifungulia mioyo yenu, nami nitawatolea siri niliyoificha kwa unyenyekevu tu. Katika Faili la Wenyeji, pamoja na jasho langu lote, jina la ofisi yangu halimo.

(Mwalimu anafuta machozi, uso unachanua. "Haiwezekani! Mheshimiwa mwenyewe asiwemo?" Kinyozi: "Ni dhuluma!" Wote: "Aandikwe! Aandikwe!")

Msinilazimishe.

("Aandikwe!")

Haya, mmenilazimisha. Mwalimu, naona umekwisha kukaa kwenye kompyuta hiyo, sijui kwa kazi gani, basi niandike. Tovuti ya ofisi yangu, mstari wa kwanza kabisa, juu ya wote. Na sifuri zangu zote nne, usinipunje hata moja! (Mwalimu anaandika pole pole, akizitaja kwa sauti, ukumbi ukihesabu pamoja naye: "Sifuri! Sifuri! Sifuri! Sifuri!" Anahifadhi, anaufungua upya ukurasa wa Mheshimiwa. Picha yake haipo tena, na tangazo la nywele nalo halipo. Ukuta ni mweupe, na maneno madogo: UKURASA HAUPATIKANI. Makofi ya kusimama. Fundi cherehani: "Jamani, kumbe hili faili linafanya kazi!")

Linafanya kazi, mama, linafanya kazi sana! Basi nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mtaalamu, ambaye programu yake hatukuisimika kwenye kompyuta hata moja, kwa sababu nilizozieleza. Namshukuru mzabuni, ambaye hatukumpata. Nawashukuru mafundi wa awamu ya kwanza, ambao tungewaajiri kama awamu ya kwanza ingekuwepo, na Meneja wa Mradi, ambaye hajasimamia chochote na hivyo hana doa. Kwa kifupi, ndugu zangu, huu mradi tunaouzindua leo haujaanza, wala haujawahi kuwepo, ila kwa ile mistari niliyoiandika mimi; na mradi ambao haujawahi kuwepo ni mradi ambao haujawahi kushindwa, rekodi ambayo hakuna idara nyingine inayoweza kujivunia.

Aliye na swali, malalamiko au pongezi, asinifuate nyumbani. Aje hapa, akae kwenye kompyuta hii aliyokalia Mwalimu, anitafute kupitia tovuti ya ofisi yangu. Mstari wangu usiguswe na mtu yeyote. Nawaambieni kwa fahari, mbele ya mke wangu na shemeji yangu, kwamba kuanzia leo, nami pia, sifikiki!

(Wote, kwa sauti moja: "Kamwe!")