Raba Sita kwa Jino Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungwa waya wa meno. Jino la mbele lililochomoza litarudi kwenye mstari, kasema daktari, kwa raba yenye mvuto wa gramu sitini, miezi kumi na minane. Kumi na minane! Harusi ya binti yangu ni Juni. Nitapigwa picha bega kwa bega na baba wa bwana harusi, yule Bwana Marumaru, mwenye meno kama ukuta wa bafu jipya. Nikauliza, je, tukivuta kwa nguvu? Akacheka. Mzee, jino si msumari; ukilivuta kupita kiasi, mwili unaula mzizi wake. Msichana wa juzi ananifundisha kuvuta vitu! Mimi, niliyeanza duka la vifaa vya ujenzi na nyundo moja!

Jumanne, 4 Machi
Nimepima raba kwa mizani ya springi ya dukani. Sitini kweli. Basi raba sita, miezi mitatu. Harusi hiyoo! Nimezivaa zote. Machozi yakanitoka yenyewe. Mke wangu akauliza nalilia nini. Nikasema binti anatuacha. Akanikumbatia.

Jumapili, 16 Machi
Wakwe wamekuja kupanga harusi. Marumaru kaguguna mfupa wa kuku mpaka ukalia. Mimi na mchuzi, kijiko kwa kijiko. Akauliza mbele ya watu, vipi mkwe wangu, umefunga? Wakaangua kicheko, wa kwanza kucheka akiwa mke wangu. Chekeni tu. Jino limesogea! Linacheza kidogo pia. Dalili nzuri. Hata nguzo, kabla hujaihamisha, sharti uilegeze.

Jumatatu, 14 Aprili
Kliniki. Daktari kaligusa jino, likatikisika kama kitasa kibovu. Eksirei. Mzizi umelika robo nzima. Akauliza navaa raba ngapi. Nikasema moja. Akaanza kuzihesabu kwa kidole. Nikasema moja, mara sita. Kazitoa zote! Hakuna kuvuta miezi mitatu, na mzizi uliolika haurudi. Nikirudia, nitaingia harusini na pengo.

Jumanne, 15 Aprili
Nimepiga hesabu upya, kwenye kaunta ya dukani. Daktari kasoma, sikatai, ila upande wa pili hajaufikiria. Kuvuta kumefupisha mzizi robo kwa wiki sita. Basi kusukuma, nguvu ileile, wiki sita, kutaurefusha robo. Tena kabla ya harusi! Nimechomoa springi ya kalamu ya risiti, ilisukume jino. Mizani inasoma gramu mia nne. Imezidi kidogo mia tatu na sitini za raba sita. Afadhali. Mzizi utakuwa mrefu kuliko wa Marumaru.